Filta ya mia tatu au ya elfu na mia mbili, na oili ibadilishwe lini?

Swali: "Ami fundi, shikamoo. Nina Probox ya 2009, injini 1NZ, imeshatembea kilomita 218,000. Nabeba abiria Malindi na Watamu kila siku, na mara mbili tatu kwa wiki napanda Marafa. Fundi wangu wa Maweni aniambia oili ni kila kilomita 3,000, lakini filta nibadilishe mara moja kwa kila oili mbili. Rafiki yangu ametia oili ya sinthetiki na dukani ameambiwa aende 10,000 bila wasiwasi. Duka la spea lina filta tatu: ya shilingi 300, ya 650 na ya 1,200. Nimeshanunua za 300 nne kwa bei ya jumla. Zina tofauti gani, na oili nibadilishe lini hasa? Pia, oili yangu huwa nyeusi baada ya wiki moja tu. Je, ndiyo imekufa?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako iliponifikia nilimtuma kijana dukani aniletee filta tatu za bei hizo hizo, zote za 1NZ. Nikazifunga kwenye jiliwa moja baada ya nyingine, nikazikata shingoni kwa msumeno wa chuma. Nakwambia nilichokiona, halafu tuje kwenye kilomita.

Kwanza jua oili inapitaje. Ukiigeuza filta uitazame mdomo, utaona tundu kubwa la katikati lenye nyuzi, na vitundu vidogo vimelizunguka. Pampu husukuma oili iingie kwa vile vitundu vidogo, ijae nje ya karatasi iliyokunjwa kunjwa, ipenye karatasi kuelekea ndani, kisha itoke safi kwa tundu kubwa kwenda kwenye beringi. Mamako akikamua tui kwa kifumbu, chicha hubaki na tui hupita. Hapa ni vivyo hivyo, ila kinachobaki ni masizi, vumbi na unga wa chuma.

Ya 650 na ya 1,200 zilikuwa na mikunjo iliyokaa sawasawa, gundi imejaa kwenye mshono wa karatasi, na springi ya kitako imesukuma vizuri. Ya 300 mikunjo ilikuwa huku imebanana, kule imeachana upana wa kidole. Kwenye mshono gundi ilikuwa imeruka kipande. Nilichukua tochi ya simu nikaiweka ndani, mwanga ukatoka nje kupitia ule mshono. Palipopita mwanga oili itapita pia, na uchafu wake wote. Kumbuka hiyo ni moja niliyoikata mimi. Pengine ya pili yake ingekuwa nzima, lakini hilo ndilo tatizo la bidhaa ya namna hii: hujui umeokota ipi.

Usipime filta kwa uzito wa kopo wala kwa kugonga kwa ukucha. Watu hufanya hivyo dukani wakijiona wajuzi. Wala usione filta iliyofunikwa kwa kofia za karatasi ngumu ndani badala ya bati ukadhani umeibiwa. Kampuni nzuri hutumia karatasi hiyo na inashika vizuri. Angalia karatasi ya kuchujia, gundi, na mpira. Mpira ndio watu wengi hawaujui.

Ndani ya mdomo, nyuma ya vile vitundu vidogo, kuna kipande cha mpira mwembamba kama ulimi. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi chini kwenye sampo, lile karai la oili chini ya injini, injini ikizimwa. Mpira ukiwa mgumu au umepinda, usiku kucha filta inamwagika. Asubuhi ukipiga stata, pampu inaanza kujaza kopo tupu kabla oili haijafika juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua vali. Ndiyo ile sauti ya tra-ra-ra ya sekunde mbili tatu, na taa nyekundu inachelewa kuzimika. Wewe unaanza injini asubuhi, unazima stejini, unaanza tena. Hesabu mwenyewe mara ngapi kwa mwaka. Mpira wa kawaida mweusi hukauka kwa joto mapema kuliko ule wa silikoni, ambao mara nyingi huwa wa rangi ya chungwa au nyekundu. Nilipoubonyeza wa ile ya 300 kwa kidole ulikuwa kama kandambili ya zamani. Wa 650 na wa 1,200 ulirudi mahali pake mara moja.

Kuna na baipasi, kivali kidogo chenye springi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito mno, presha hupanda upande mmoja na kivali hufunguka, oili ikaenda kwenye injini bila kuchujwa. Kivali hicho kimewekwa makusudi, kwa sababu beringi inaweza kuvumilia oili chafu kwa muda lakini haiwezi kuvumilia kukosa oili hata dakika. Sasa rudi kwa fundi wako anayekwambia filta iende oili mbili. Filta ikishajaa, wewe unaendesha gari na oili inapita pembeni, na hakuna taa itakayokwambia. Zaidi ya hayo, 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na 3.4 usipoibadilisha. Tofauti ya hizo mbili, yaani thuluthi ya lita kasoro kidogo, ni oili ya zamani iliyobaki ndani ya filta na njia zake. Ukimimina oili mpya juu yake, ni kama kupika chai mpya na kuacha majani ya jana birikani. Kwa hiyo kila oili na filta yake. Sioni sababu ya kubishana hapo.

Kuhusu namba za mikroni zinazoandikwa kwenye maboksi: mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Nafasi iliyopo kati ya krankishafti na beringi zake ni makumi machache ya mikroni, na chembe zinazokula zaidi ni zile zinazokaribiana na nafasi hiyo, si zile kubwa unazoziona kwa jicho. Boksi likisema "inakamata mikroni 10" na likanyamaza, halijasema kitu. Hata jarife la papa likivutwa hukamata dagaa wawili watatu, lakini hakuna mvuvi wa Mayungu atakayeliita wavu wa dagaa. Namba yenye maana husema asilimia ngapi ya chembe za ukubwa gani, kwa mfano asilimia 99 ya chembe za mikroni 25. Filta za bei ya juu, za nyuzi za sinthetiki, huwa na namba nzuri zaidi hapo na hubeba uchafu mwingi kabla ya kuziba. Ndiyo maana zinafaa kwa mtu anayetaka kwenda mbali kabla ya kubadilisha. Kwa anayebadilisha mapema, ile ya katikati inatosha kabisa.

Basi tuje kwenye kilomita.

Hii 3,000 ambayo kila fundi anaitaja, nashuku ilitoka Marekani, na kule ilikuwa maili. Maili 3,000 ni karibu kilomita 4,800. Ilikuwa kanuni ya siku za kabureta na oili za zamani, ikasafiri hadi kwetu, maili zikadondoka njiani na namba ikabaki. Upande wa pili, Toyota kule Japani huandika kwa magari ya petroli yasiyo na tabo kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu nusu yake, 7,500 au miezi sita. Kati ya 3,000 na 15,000 kuna nafasi ya kupita lori, kwa hiyo lazima tuulize gari lako linaishi vipi.

Matumizi magumu ni yapi? Vumbi, mzigo, safari fupi, na injini kuunguruma gari limesimama. Wewe unazo zote nne. Watamu si mbali. Stejini unangoja abiria na eyasii imewashwa, na kilomita hazisogei hata moja huku oili inapikwa. Mimi kwa gari la abiria huhesabu saa moja ya kuunguruma papo hapo kama kilomita 40 hivi. Si sheria ya kiwandani, ni kipimo changu cha kujihadhari. Ukingoja stejini saa mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni kama kilomita 2,000 ambazo dashibodi haizijui.

Halafu kuna Marafa. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana ndipo pesa yako inapopotelea na hukupauliza. Vumbi la barabara za Magarini haliingii kwenye oili kwa mlango wa oili. Linaingia kwa filta ya hewa, linapita kwenye silinda, linasaga ringi, kisha linateremka kwenye sampo. Ukinunua filta ya oili ya elfu na mia mbili na filta ya hewa ni ile iliyopulizwa kwa kompresa mara sita mpaka karatasi imetoboka, umefunga dirisha ukaacha mlango. Ifungue filta ya hewa leo. Pitisha kidole upande wa ndani wa bomba, ule unaoelekea kwenye injini. Kikitoka na vumbi laini jekundu, filta haifanyi kazi au boksi lake halifungi sawasawa. Klipu za lile boksi kwenye Probox nyingi huvunjika, na mafundi huzifunga kwa waya au mpira wa tyubu. Tafuta klipu. Ni ya bei ndogo kuliko chochote tunachozungumza hapa. Filta yenyewe ikung'ute kwa kuigonga polepole, usiipulize kwa presha ya kujazia magurudumu, na kwa safari zako inunuliwe mpya kila oili ya pili.

Sasa oili yenyewe. Kwa 1NZ yako, 5W-30 ndiyo iliyokusudiwa. Namba ya kwanza yenye W ni ya baridi, na sisi Malindi baridi yetu ni upepo wa kusi tu, kwa hiyo isikusumbue sana. Ya pili hueleza uzito wa oili ikiwa ya moto, ikipimwa kwenye nyuzi 100. Injini ya kilomita 218,000 ikianza kunywa oili kidogo, 10W-40 haina ubaya. 20W-50 ambayo mafundi wetu huimiminia kila injini iliyozeeka, mimi siipendi kwa 1NZ. VVT-i, yaani mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, hufanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba na kichujio kidogo cha wavu, na kikazio cha cheni nacho hutegemea oili hiyo hiyo. Oili nzito hufika kwa kuchelewa. Inanyamazisha makelele, hilo ni kweli, na ndiyo sababu anayetaka kuuza gari huitia.

Kwenye galoni tafuta duara la API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Herufi S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata ikizidi kusonga mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. Zote mbili zinakutosha. SF au SG ukiziona bado ziko rafuni, ziache pale pale. Angalia pia kifuniko kama kimeunganika na pete yake, na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nilishauziwa katoni ya oili na duka moja nililoliamini miaka, galoni zimefungwa vizuri kabisa, ndani oili imechujwa ikarudishwa. Nilijua kwa harufu, baada ya kutia gari la mteja. Nilimwaga na kutia nyingine kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo galoni tupu zinazotoka gerejini kwangu hutobolewa kwa msumari kabla ya kutupwa, zisije zikajazwa tena.

Weusi usikutishe. Oili ina dawa ya kuosha, inabeba masizi na kuyashikilia yasigande kwenye chuma. Oili iliyokuwa nyeusi baada ya wiki, kwenye injini ambayo miaka imetiwa oili ovyo, inaosha. Mimi ningetishika kama ingebaki ya dhahabu kwa kilomita 4,000. Cha kuogopa ni vitu vingine: oili ikinuka petroli, ikiwa na povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko, au ukiisugua kati ya vidole viwili ukasikia mchanga. Na fundi akitaka kumwaga dizeli ndani "kuflashi" ili iwe safi, mwambie ahsante. Dizeli hulegeza madonge yote kwa pamoja, yanakwenda kuziba wavu wa pampu, na injini iliyokuwa ikienda inanoki wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili. Oili ya kawaida na filta ya 650: kila kilomita 5,000, na kwa mwendo wako, nikidhani unapiga kama 150 kwa siku, hiyo ni wiki tano au sita. Ukitaka sinthetiki kamili, tia na filta ya 1,200, uende 7,500, usipitishe. Elfu kumi muachie anayeamka, anashika lami mpaka Mombasa, anazima, anarudi jioni. Rafiki yako kama ni wa hivyo, hakudanganywa. Kama naye anangoja abiria kwenye jua, amedanganywa. Tofauti ya 300 na 650 kwa kilomita 5,000 ni senti saba kwa kilomita. Bei ya injini ya mtumba unaijua.

Nina wateja wa Lamu ambao shida yao ni kinyume cha yako, na huenda mmoja wao anasoma hapa. Mtu anaishi mjini Lamu, vichochoro vya mji si vya gari, basi gari linalala Mokowe, ng'ambo ya pili barani. Anavuka kwa boti mara moja kwa mwezi, anakwenda Mpeketoni, anarudi. Kwa mwaka hafiki hata 4,000, na anasema oili bado mpya. Hapo hesabu ni miezi. Injini inayowashwa na kuzimwa kabla haijapata moto wa kutosha hukusanya unyevu, na unyevu wetu wa pwani si wa kuomba. Sita ni sawa, kumi na mbili ndiyo mwisho. Na apige magoti atazame chini: chumvi hula sampo na kopo la filta mpaka rangi inabanduka kama maganda. Nimeshavua filta Mokowe kopo likabaki mkononi na mdomo ukabaki kwenye injini.

Unapofunga filta mpya, hakikisha pete ya mpira ya ile ya zamani imetoka nayo. Nilipokuwa bado mwanafunzi sikuangalia, nikafunga pete juu ya pete. Gari lilitoka gerejini kavu kabisa. Lilipofika daraja la Sabaki presha ikasukuma pete ya pili nje, na oili yote ikamwagika barabarani kama damu ya ng'ombe. Aliyekuwa akiendesha aliona taa nyekundu akazima pale pale, Mungu amlipe, la sivyo nisingekuwa fundi leo. Paka oili kidogo kwenye pete, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono huo huo. Mnyororo wa kufungulia filta ni wa kufungulia. Bolti ya sampo iwekewe washa mpya. Washa injini dakika moja, chungulia chini, zima, ngoja dakika tano, pima.

Na upime kila Ijumaa kabla ya safari ya kwanza, gari likiwa mahali sawa. Futa stiki, irudishe, itoe, isome. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa injini nyingi, ni kama lita moja. Injini zilizoletwa kwangu zikiwa zimekufa, nyingi hazikufa kwa oili ya zamani. Zilikufa kwa oili iliyopungua na mwenyewe akangoja taa. Taa ile haikwambii oili imepungua, inakwambia presha imekwisha.

Oili chafu usiimwage mtaroni, mitaro yetu inajua njia moja tu ya kwenda na ni baharini. Iweke kwenye galoni, wapo watu wanaoitafuta kupaka boriti na nguzo za ua dhidi ya mchwa.

Sasa zile nne za mia tatu. Mrudie mwenye duka kwa upole, mwambie akubadilishie kwa mbili za 650, umuongezee shilingi mia. Muuza spea wa Malindi anayetaka uhai wa duka lake atakubali. Akikataa, moja ikate uitazame kwa tochi kama nilivyofanya mimi. Ikiwa mshono ni mzima na mpira ni laini, zilizobaki zitumie lakini umwage oili kwenye 3,000, na hapo fundi wako wa Maweni atakuwa amesema kweli. Ikiwa mwanga unapita, nipitishie hizo tatu gerejini. Nina wanafunzi wawili wanaohitaji kuziona kwa ndani.